Siku Tano za Dawa, Miezi ya Kupona: Nani Anaulipia Muda wa Nimonia?

Tuna desturi ya kupima ugonjwa kwa urefu wa dozi. Mtu akiandikiwa vidonge vya siku tano, mwajiri humtarajia kazini siku ya sita, familia humtarajia shambani, chuo humtarajia kwenye chumba cha mtihani, na yeye mwenyewe, kwa kuogopa kuonekana mvivu, hujikaza kutimiza matarajio hayo. Kwa magonjwa mengi desturi hii haina madhara makubwa. Kwa nimonia inayosababishwa na bakteria, desturi hii ni kosa la kitabibu. Na kwa kuwa imejengeka katika taratibu zetu za kazi, masomo na bima, ni kosa la kisiasa pia.

Ninaandika kama mwalimu wa sera za jamii, si kama tabibu, na hakuna mtu anayepaswa kuyachukua maelezo haya badala ya ushauri wa daktari wake. Hoja yangu ni kwamba tiba ya nimonia ina sehemu mbili: dawa na muda. Sehemu ya kwanza tumekubaliana, angalau kwa maandishi, kwamba ni haki ya kila raia. Sehemu ya pili tumeiacha iwe anasa ya wachache wenye ajira rasmi.

Tuanze na mapafu yenyewe. Nimonia, ambayo wengi wetu tuliijua utotoni kwa jina la kichomi kwa sababu ya maumivu yanayochoma ubavuni mtu anapovuta pumzi, ni maambukizi ya vifuko vidogo vya hewa vilivyo ndani ya mapafu. Bakteria anayeongoza kuisababisha katika jamii ni Streptococcus pneumoniae. Anapozaliana, mwili hupeleka askari wake, yaani chembe nyeupe za damu, na vifuko vilivyopaswa kujaa hewa hujaa majimaji na usaha. Dawa sahihi huwashinda bakteria hao ndani ya siku chache. Kwa mgonjwa ambaye hali yake si mbaya, dawa hiyo mara nyingi ni amoksisilini ya kumeza. Kwa aliyelazwa, mara nyingi ni sindano. Homa hushuka na hamu ya chakula hurudi. Lakini dawa huua bakteria tu. Haifagii uchafu wa vita. Kazi ya kuondoa majimaji, mabaki ya chembe zilizokufa na uvimbe, mwili huifanya wenyewe, polepole. Ndiyo maana picha ya eksirei inaweza kuendelea kuonesha doa kwenye pafu wiki kadhaa baada ya mgonjwa kumeza kidonge cha mwisho, hasa akiwa mzee au mwenye ugonjwa sugu wa mapafu.

Wiki ngapi? Taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, NICE, inawaelekeza madaktari wamweleze mgonjwa mzima wa nimonia ratiba ifuatayo. Baada ya wiki 1, homa iwe imekwisha. Baada ya wiki 4, maumivu ya kifua na makohozi yawe yamepungua sana. Baada ya wiki 6, kikohozi na kukosa pumzi viwe vimepungua sana. Baada ya miezi 3, dalili nyingi ziwe zimekwisha, ingawa uchovu unaweza kubaki. Baada ya miezi 6, watu wengi watakuwa wamerudi katika hali yao ya kawaida. Ratiba hiyo imeandikwa kwa ajili ya watu ambao wengi wao wana maji ya bomba, chakula cha uhakika na hospitali iliyo karibu. Kwa mpagazi wa Kariakoo au mvuna mkonge wa Tanga, sioni sababu ya kutarajia ratiba iwe fupi zaidi.

Wakati huohuo, dozi yenyewe imekuwa ikifupishwa, na kwa sababu nzuri. Mwongozo wa mwaka 2019 wa vyama viwili vya kitaaluma vya Marekani, kimoja cha madaktari wa kifua na kingine cha madaktari wa magonjwa ya kuambukiza, unasema mtu mzima anywe dawa kwa muda usiopungua siku 5, na asiache kabla hali yake haijatulia: joto, mapigo ya moyo, upumuaji, shinikizo la damu, kiwango cha oksijeni, uwezo wa kula na utimamu wa akili. Shirika la Afya Duniani nalo linapendekeza amoksisilini kwa siku 5 kwa mtoto ambaye kifua chake kinabonyea ndani anapovuta pumzi, endapo hana dalili za hatari. Sababu ni kwamba siku nyingi zaidi, kwa wagonjwa wengi, haziongezi uponyaji, bali huongeza madhara ya dawa na kuwapa bakteria nafasi ya kujifunza kuikwepa.

Hapa pana mtego wa lugha ambao wanaharakati na watumishi wa afya wanapaswa kuutegua. Dozi fupi iliyoamriwa na daktari si sawa na dozi iliyokatizwa na mgonjwa kwa kukosa fedha. Ya kwanza imepimwa katika utafiti. Ya pili imepimwa na mfuko wa suruali. Anayeingia duka la dawa na kuomba vidonge sita kwa sababu ndivyo hela yake inavyomruhusu hafuati sayansi mpya. Anafanya kile ambacho Alexander Fleming, mgunduzi wa penisilini, alikionya katika hotuba yake ya Nobel ya mwaka 1945: kuwapa vijidudu dawa kidogo isiyotosha kuwaua, wakabaki hai na kuizoea. Leo tunajua bei ya onyo hilo kupuuzwa. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet ulikadiria kwamba usugu wa bakteria dhidi ya dawa ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani katika mwaka 2019.

Mjadala wetu wa usugu umeegemea mno upande wa elimu: "maliza dozi", "usinunue dawa bila cheti". Ni ushauri sahihi, nami nauunga mkono. Lakini ukimuuliza mtu kwa nini aliishia siku ya tatu, mara nyingi utamkuta anaijua kanuni kuliko wewe. Alipopata nafuu alirudi kibaruani, na fedha iliyobaki ikawa ya nauli. Aliyekosa muda wa kuugua hupata pia sababu ya kukatiza dawa. Dawa na muda vimeshikana kuliko kampeni zetu zinavyokubali.

Miaka miwili iliyopita mwanafunzi wangu mmoja alinijia ofisini wiki tatu baada ya kutoka wodini. Alikuwa amemaliza dawa zote na homa ilikuwa imekwisha. Ofisi iko ghorofa ya tatu. Alikaa kwenye kiti kwa muda, kiganja kifuani, kabla ya kuweza kusema kilichomleta. Kilichomleta ni karatasi. Cheti chake kilisema apumzike siku tatu, na kwa hesabu ya cheti hicho alikuwa mzima tangu zamani. Alikuwa amekosa majaribio mawili, na ombi lake la kuyafanya baadaye lilikataliwa kwa kuwa tarehe hazikulingana. Kilichonisumbua katika kisa hiki ni kwamba hakuna aliyevunja kanuni. Tabibu aliandika idadi ya siku iliyozoeleka kuandikwa. Karani alisoma kilichoandikwa. Kijana yule aliirudia kozi mwaka uliofuata, kwa gharama ya mzazi anayeuza mkaa. Ugonjwa uliotibiwa kwa dawa ya bei nafuu ukaigharimu familia mwaka mzima.

Ninalitaja hilo kwa sababu mwanafunzi angalau ana karatasi ya kubishania. Tuangalie sasa sheria inasema nini kuhusu mfanyakazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa wa Tanzania Bara siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, ili mradi awasilishe cheti cha daktari. Tusiibeze sheria hii. Siku 63 ni wiki tisa. Zinatosha kumvusha mgonjwa wa nimonia zile wiki sita ngumu na kumwachia akiba. Waliotunga kifungu hicho walielewa kwamba kuugua kunachukua muda.

Tatizo ni mlango wa kuingilia. Kwa kawaida, mwenye utumishi usiofikia miezi sita hana haki ya likizo hiyo yenye malipo. Na wengi wa wafanyakazi wa nchi hii hawako ndani ya ajira ya aina hiyo kabisa: mama lishe, dereva wa bodaboda, machinga, kuli, mvuvi, msaidizi wa nyumbani asiye na mkataba, kibarua wa ujenzi anayelipwa jioni kwa kazi ya mchana. Kwa hawa, idadi ya siku za ugonjwa zenye malipo ni sifuri. Ndio pia ambao kazi zao zinadai mapafu zaidi kuliko za sisi tunaokaa mezani. Mimi nikitoka hospitali wiki ya pili naweza kusahihisha insha nikiwa nimeegemea mto. Kuli hawezi kubeba nusu ya gunia. Likizo tumempa yule ambaye kazi yake ingemvumilia, tukamnyima yule ambaye kazi yake itamrudisha wodini.

Kwa mtoto, hesabu hii huhamia kwa mama. Shirika la Afya Duniani linasema nimonia iliua zaidi ya watoto 740,000 wenye umri wa chini ya miaka mitano katika mwaka 2019, sawa na asilimia 14 ya vifo vyote vya watoto wa umri huo, na kwamba ni theluthi moja tu ya watoto wenye nimonia ya bakteria wanaopata dawa wanayohitaji. Tumepiga hatua: chanjo dhidi ya bakteria hawa imo katika ratiba yetu ya taifa, ikitolewa katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14 baada ya kuzaliwa. Mzazi anapaswa pia kujua kuhesabu pumzi za mtoto mwenye kikohozi: pumzi 50 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 au zaidi kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano, ni sababu ya kwenda kituo cha afya mara moja, bila kusubiri kesho. Lakini mwulize mama anayeuza vitumbua kwa nini alisubiri kesho. Kwenda zahanati ni siku moja bila mtaji kuzunguka. Mtoto akilazwa, mama hulala wodini pamoja naye, na biashara hufa kimyakimya. Kuchelewa kwake tunakuita uzembe au ukosefu wa elimu, kwa sababu hatukuwahi kukadiria bei ya siku yake.

Kuna jambo la kihistoria linalosaidia kufikiri hapa. Mwaka 1952 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 102 kuhusu viwango vya chini vya hifadhi ya jamii. Mkataba huo unataja matawi tisa ya hifadhi, na mawili ya kwanza yametenganishwa kwa makusudi: huduma ya matibabu ni tawi moja, na fao la ugonjwa, yaani fedha ya kufidia kipato kinachopotea mtu anapougua, ni tawi lingine. Waliouandika walijua kwamba kumlipia mtu daktari na kumlipia mkate wake wakati anapona ni mambo mawili.

Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Ni hatua kubwa, na nawaomba wanaharakati waidai itekelezwe hadi kijiji cha mwisho. Lakini tuelewe inajibu swali lipi. Inajibu swali la nani atalipa kitanda, kipimo na dawa. Haijibu swali la nani atanunua unga katika wiki zile sita. Mwenye kadi ya bima asiye na kipato cha wiki sita atatibiwa vizuri, ataruhusiwa, na kesho yake atakuwa sokoni amebeba mzigo. Mwalimu Nyerere alizoea kuwataja maadui watatu wa taifa: ujinga, maradhi na umaskini. Nimonia inatukumbusha kwamba maadui hao hawaji mmojammoja. Ukipigana na maradhi na kuuacha umaskini ulinde mlango wa hospitali, aliyetoka leo atarudi mwezi ujao.

Nazijua pingamizi mbili. Ya kwanza ni kwamba watu watajifanya wagonjwa. Taifa lililolelewa na misemo ya "Uhuru ni Kazi" na baadaye "Hapa Kazi Tu" lina shaka ya asili juu ya mtu aliyelala mchana. Wapo watakaodanganya, kama wapo wanaodanganya katika posho za safari, na hatukufuta safari. Isitoshe, sitetei watu walale miezi mitatu. Madaktari humshauri mgonjwa wa nimonia aanze kutembea mapema kadiri hali inavyoruhusu, kwa kuwa kulala muda mrefu kuna madhara yake, ikiwemo damu kuganda miguuni. Ninachotetea ni kurudi kwa ngazi: nusu siku kabla ya siku nzima, kazi ya kukaa kabla ya kazi ya kubeba, zamu ya mchana kabla ya zamu ya usiku.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Tukiwaambia watu kwamba kukohoa wiki sita ni kawaida, je, hatutawaficha wagonjwa wa kifua kikuu? Ni hofu halali katika nchi kama yetu, ambako kikohozi cha wiki mbili au zaidi ni sababu ya kuchunguzwa makohozi. Jibu ni kwamba ratiba ya kupona ni mteremko: kila wiki iwe afadhali kuliko iliyotangulia. Homa isiyoshuka baada ya siku tatu za dawa, homa iliyoondoka ikarudi, damu katika makohozi, jasho la usiku, mwili kukonda, pumzi inayozidi kubana: haya hayamo katika ratiba, na mwenye nayo arudi hospitali upesi. Kikohozi kikifika wiki mbili, apime makohozi hata kama anahisi nafuu. Vipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya umma. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mgonjwa aliyepewa ratiba anajua lini ametoka nje ya njia. Asiyepewa kitu hubaki kubahatisha.

Nini kifanyike? Nina mapendekezo manne, na mawili ya mwanzo hayahitaji bajeti mpya.

Kwanza, karatasi ya kuruhusiwa hospitali iandikwe kwa Kiswahili na ibebe ratiba ya kupona na dalili za kurudi, si majina ya dawa pekee. Nusu ukurasa unatosha. Tabibu anayeandika "siku tatu" kwa mazoea aulizwe na taaluma yake mwenyewe: siku tatu kwa ushahidi upi?

Pili, vyuo na ofisi za umma ziache kuhesabu ugonjwa kwa tarehe za dozi. Kanuni za mitihani maalumu na za ruhusa ya ugonjwa zitambue kipindi cha kupona, na ziruhusu kurudi kwa kazi nyepesi. Watumishi wa umma wanaosoma hapa ndio wanaoziandika kanuni hizo. Wengine ni wanafunzi wangu wa zamani. Nawaomba wazifungue kabatini.

Tatu, vyama vya wafanyakazi vipiganie kupunguzwa kwa kizingiti cha miezi sita, ambacho kinawarahisishia waajiri wasio waaminifu kumwajiri mtu kwa miezi mitano, kumpumzisha na kumtafuta mwingine.

Nne, na hili ndilo gumu, utekelezaji wa bima ya afya kwa wote ufungue mjadala wa fao la ugonjwa kwa wasio na ajira rasmi. Lianze dogo: kiasi cha kununulia chakula kwa siku alizolazwa na wiki mbili zinazofuata, kikilipwa kupitia simu, kwa uthibitisho wa kituo kilichomtibu. Nchi inayoweza kukusanya tozo kwa simu haiwezi kudai kwamba kulipa kwa simu ni teknolojia ya mbali. Na gharama yake ilinganishwe kwa haki, si na sifuri, bali na gharama tunayolipa sasa: kulazwa mara ya pili, dozi zilizokatizwa, mtoto aliyeachishwa shule kwa sababu anayemlisha alianguka tena.

Kila tarehe 12 Novemba dunia huadhimisha Siku ya Nimonia. Kutakuwa na mabango kuhusu chanjo, kunawa mikono na kumaliza dozi, na yote yatakuwa ya kweli. Ningependa kuona pia bango moja linalomuuliza mwajiri, mkuu wa chuo na mbunge: mtu wako amemaliza vidonge vyake, umempa wiki ngapi za kupona?